Njia ya PMHNP: kutoka leseni ya uuguzi hadi kuandika dawa za akili Marekani

Wauguzi wa Afrika Mashariki wanaotaka kuwa PMHNP, yaani muuguzi wa ngazi ya juu wa afya ya akili Marekani, huuliza maswali yaleyale. "Mimi ni KRCHN (muuguzi wa stashahada wa Kenya), naweza kuruka moja kwa moja hadi PMHNP?" "Nina stashahada ya Tanzania, nianzie wapi?" "Nimeshapata RN (leseni ya muuguzi) ya Texas, chuo cha mtandaoni kitakubalika?" Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Ni wa muuguzi aliye bado Nakuru au Mwanza, na pia wa yule ambaye tayari anapiga zamu za usiku Dallas, Lowell au Minneapolis na amechoka kuambiwa "jaza tu fomu, utaona mbele".

Shika hili kwanza. PMHNP ni rundo la karatasi zilizopandana kama matofali, wala si cheti kimoja. Leseni ya RN imekalia elimu ya nyumbani, shahada ya uzamili imekalia RN, mtihani wa kitaifa umekalia shahada, leseni ya jimbo imekalia mtihani, na ruhusa ya kuandika dawa imekalia leseni. Tofali moja la chini likiwa bovu, utalijua ukiwa juu, baada ya miaka mitatu na karo yote. Ndiyo maana hatua ya kwanza hapa ni kuchagua jimbo, na chuo kinafuata baadaye.

Kazi yenyewe, kwa ufupi

PMHNP ni muuguzi mwenye shahada ya uzamili au ya udaktari wa uuguzi, aliyesomea afya ya akili ya rika zote, mtoto hadi mzee. Anafanya tathmini ya kwanza, anatambua ugonjwa kwa kufuata DSM-5-TR, mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, anaandika dawa, anaagiza na kusoma vipimo vya damu, na anatoa tiba ya mazungumzo. Muuguzi wa kawaida wa wodi ya akili hugawa dawa, hulinda usalama na hufuatilia hali ya mgonjwa, lakini hatoi utambuzi wala haandiki dawa. Mwanasaikolojia hutoa tiba na vipimo vya kisaikolojia, na katika majimbo mengi haandiki dawa. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amepitia chuo cha udaktari na miaka minne ya ubingwa. Majimbo mengine yanakutaka ufanye kazi kwa makubaliano naye, mengine hayajali.

Usichanganye PMHNP na FNP, yule wa afya ya familia. Tangu makubaliano ya kitaifa ya mwaka 2008, leseni ya uuguzi wa juu imefungwa kwenye kundi la wagonjwa ulilosomea. FNP anaweza kumwandikia mgonjwa wake wa kisukari dawa ya sonona, lakini hawezi kufungua kliniki ya akili na kutibu skizofrenia kwa sababu tu "dawa ni dawa". Bodi zimewahi kuwachukulia watu hatua kwa hilo.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Pasipoti na vyeti vyote vyenye jina lilelile, kwa mpangilio uleule. Kama cheti kimoja kina jina la ndoa na kingine hakina, tafuta hati ya kiapo na cheti cha ndoa sasa.
- Usajili hai katika Baraza la Wauguzi la Kenya, au Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, au baraza la nchi uliyosomea. Uliokwisha muda uhuishe kwanza.
- Transkripti inayoonyesha saa za darasani na saa za wodini kwa kila somo. Orodha ya alama peke yake haitoshi.
- Anwani ya barua pepe ya msajili wa chuo chako anayejibu kweli, pamoja na namba yake ya simu. Utamhitaji mara nyingi kuliko unavyodhani.
- Fedha za kutathmini vyeti, mtihani wa Kiingereza na NCLEX, ule mtihani wa leseni ya RN. Ada ya NCLEX ni dola 200, na anayeufanyia nje ya Marekani huongezewa dola 150 na kodi.
- Daftari moja, au faili moja la kompyuta, la tarehe, namba za maombi na jina la kila mtu uliyeongea naye.

Hatua ya 1: Chagua jimbo

Hakuna leseni ya Marekani nzima. Kila jimbo lina bodi yake ya wauguzi, na tofauti kati ya jimbo na jimbo si ya karatasi tu.

Zaidi ya nusu ya majimbo humruhusu nurse practitioner, yaani muuguzi wa ngazi ya juu kama PMHNP, kufanya kazi bila daktari wa kumsimamia. Baadhi yanadai kipindi cha majaribio kwanza: Minnesota ni saa 2,080 chini ya makubaliano ya ushirikiano, New York ni saa 3,600, Massachusetts ni miaka miwili ya kuandika dawa chini ya usimamizi. Texas ni habari nyingine. Huko ni lazima uwe na mkataba wa kuandika dawa uliosainiwa na daktari muda wote wa kazi yako, na dawa za kundi la II, zile zinazodhibitiwa kwa ukali kwa hofu ya uraibu, huruhusiwi kuziandika ila kwa mgonjwa wa hospitali au wa huduma ya wanaokaribia kufa. Maana yake, kwenye kliniki ya nje ya Dallas huwezi kumwandikia mtoto mwenye ADHD, ugonjwa wa kukosa utulivu na umakini, methylphenidate. Utampa atomoxetine au guanfacine, au daktari ndiye aandike. Anayepanga kutibu watoto ajue hili kabla ya kununua nyumba Texas.

Fungua tovuti ya bodi ya jimbo lako na usome mambo matatu: masharti ya RN aliyesoma nje, masharti ya APRN (jina la leseni ya muuguzi wa ngazi ya juu), na orodha ya dawa ambazo APRN haruhusiwi. Yachapishe. Sheria hubadilika, kwa hiyo rudia kusoma kabla ya kila hatua kubwa.

Hatua ya 2: Pima msingi wako

Ukiwa na digrii ya uuguzi, yaani BScN, njia ni fupi. Ukiwa na stashahada, kama ya KMTC au ya vyuo vya afya Tanzania, unaweza kupata RN, lakini utahitaji kuongeza digrii kabla ya uzamili au kutafuta programu inayokuvusha kutoka stashahada hadi uzamili. KRCHN hana njia ya kuruka moja kwa moja. Njia ipo, ila ina daraja katikati.

Jihadhari hapa. Aliyesomea uuguzi wa akili peke yake kama mafunzo ya msingi, bila uuguzi wa jumla, hukwama. Bodi zinataka kuona mafunzo ya watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto na akili, kila kimoja kikiwa na darasa na wodi. Bodi nyingine, California ikiwamo, hutaka darasa na wodi ya somo hilo viwe vimekwenda pamoja. Ukiwa umesoma nadharia ya watoto mwaka wa kwanza na kwenda wodi ya watoto mwaka wa tatu, unaweza kuambiwa urudie somo. Angalia transkripti yako leo kwa jicho hilo.

Kisha omba tathmini ya vyeti. Bodi nyingi huitambua CGFNS, shirika linalotathmini vyeti vya wauguzi waliosoma nje, ambalo sasa linajiita TruMerit. Vyuo vikuu kwa upande wao hukubali pia kampuni nyingine za tathmini, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia mbili. Chuo chako cha nyumbani ndicho kitume transkripti moja kwa moja. Ukiituma mwenyewe, hata kama bahasha imepigwa mhuri wa mkuu wa chuo, itarudi.

Hatua ya 3: Pata RN

Bodi ikishakukubali, jisajili Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani, kwa NCLEX-RN. Mtihani ni wa kompyuta inayojirekebisha kulingana na majibu yako: maswali 85 hadi 150, muda wa juu saa tano. Tangu Aprili 2023 mtihani una visa vya wagonjwa vinavyofuatana, ambavyo hupima uamuzi wa kliniki kuliko kumbukumbu. Ukianguka, unasubiri siku 45.

Wanaokuja kwa viza ya kazi au green card ya uuguzi wanahitaji pia VisaScreen, cheti cha kuthibitisha elimu, leseni na Kiingereza chako, kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996. Kusoma kwa Kiingereza Kenya, Uganda au Tanzania hakukuondolei mtihani wa lugha. Kwa IELTS ya kitaaluma kiwango cha RN kimekuwa 6.5 kwa jumla na 7 kwenye kuzungumza. Wengi wetu huanguka kwenye kuandika au kuzungumza kwa kudhani kwamba Kiingereza cha wodini kinatosha. Fanya mazoezi ya kupimwa muda.

Anayekuja kwa viza ya mwanafunzi asihesabu kwamba zamu za hospitali zitamlipia karo. Viza hiyo hubana kazi, na mikopo ya serikali ya shirikisho ni hasa ya raia na wenye green card.

Hatua ya 4: Fanya kazi ya akili kabla ya kuomba uzamili

Vyuo vingi huomba mwaka mmoja hadi miwili ya kazi ya RN. Vingine havidai hata siku moja, na hapo ndipo mtego ulipo. Aliyeingia bila kuwahi kumtuliza mgonjwa aliyepandwa na wazimu wa manic saa tisa usiku atajifunza hilo akiwa tayari ndiye mwandikaji wa dawa.

Tafuta wodi ya kulaza wagonjwa wa akili, kitengo cha dharura, au kliniki ya uraibu. Uzoefu wa hospitali za akili za Mathari au Mirembe una uzito kwenye barua ya maombi, mradi uandike ulichofanya: idadi ya vitanda, aina ya wagonjwa, sindano za muda mrefu ulizochoma, tathmini za hatari ya kujiua. "Nina shauku ya kusaidia wenye matatizo ya akili" haisomwi na mtu.

Hatua ya 5: Chagua programu

Kuna njia tatu: uzamili wa miaka miwili hadi mitatu, udaktari wa uuguzi, yaani DNP, wa miaka mitatu hadi minne kwa aliye na digrii ya kwanza, au cheti cha baada ya uzamili kwa aliye tayari FNP au mwenye uzamili mwingine wa uuguzi, mara nyingi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. DNP haikuongezei dawa hata moja ya kuandika. Ichukue kama unataka kufundisha au kuongoza, au kama chuo unachokitaka hakina njia nyingine.

Andikia kila chuo barua pepe yenye maswali haya, na ukatae jibu la simu:

1. Je, programu ya PMHNP imeithinishwa na CCNE, ACEN au CNEA, mashirika ya kuithinisha programu za uuguzi, kwa sasa? Kuithinishwa kwa chuo kwa jumla hakutoshi.
2. Je, chuo kina ruhusa ya kufundisha mwanafunzi anayeishi jimbo langu? Chuo cha mtandaoni kinaweza kuwa halali kwao na kisikubalike kwako.
3. Saa za kliniki ni ngapi? Kiwango cha chini cha ANCC, shirika linaloendesha mtihani wa PMHNP, kimekuwa 500, lakini viwango vya kitaifa vya 2022 vimepandisha hadi 750 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Chuo kinachojivunia 500 kinakuuzia bidhaa ya jana.
4. Je, fiziolojia ya juu, uchunguzi wa mwili wa juu na famakolojia ya juu ni masomo matatu yanayojitegemea? Yakiunganishwa mawili kuwa moja, ANCC inaweza kukukatalia.
5. Nani anatafuta prisepta, chuo au mimi?

Swali la tano ndilo linalowamaliza watu. Prisepta ni yule PMHNP au daktari wa akili anayekusimamia kliniki, na katika miji mingi hawatoshi. Chuo kikijibu "wanafunzi wetu hujitafutia kwa kushirikiana na ofisi yetu", jibu halisi ni "utajitafutia".

Hatua ya 6: Prisepta na saa za kliniki

Anza kutafuta miezi tisa hadi kumi na mbili kabla ya muhula wa kliniki. Mpangilio unaofanya kazi ni huu:

1. Orodhesha PMHNP na madaktari wa akili 30 walio umbali wa saa moja kwa gari. Orodha za watoa huduma za kampuni za bima ziko wazi mtandaoni.
2. Anza na mwajiri wako. Hospitali yenye wodi ya akili mara nyingi ina mkataba na vyuo, na kuwa mfanyakazi wa ndani hukupeleka mbele ya foleni.
3. Tuma ujumbe wa mistari sita: wewe ni nani, chuo gani, saa ngapi, tarehe gani hadi gani, kundi gani la wagonjwa, na kwamba chuo kitashughulikia karatasi. Ambatisha wasifu wa ukurasa mmoja.
4. Piga simu baada ya siku saba. Usiache ujumbe mmoja ukangoja.
5. Akikubali, peleka jina lake chuoni siku hiyohiyo. Mkataba kati ya chuo na kliniki huchukua wiki nane hata kumi na mbili, na saa ulizofanya kabla haujasainiwa hazihesabiwi.

Gawa saa zako. Ukizimaliza zote kwenye kliniki moja ya watu wazima, utakuwa na cheti cha rika zote na uzoefu wa rika moja. Tafuta watoto na vijana, wazee, wodi ya kulazwa na uraibu. ANCC inadai pia mafunzo ya angalau aina mbili za tiba ya mazungumzo, kwa mfano tiba ya fikra na tabia na mahojiano ya kutia ari. Hakikisha zinaonekana kwenye kumbukumbu zako. Jaza kumbukumbu siku hiyohiyo. Kukumbuka wagonjwa wa mwezi mzima mwishoni mwa muhula ni kubuni, na ukaguzi hugundua.

Kuhusu lugha: Kiswahili chako ni nyenzo ya kazi. Mkimbizi kutoka Kivu akisema "nawaza sana" au "roho yangu haitulii", mkalimani wa simu anaweza kumpa daktari "ana mawazo" na ikaishia hapo. Wewe utauliza usingizi, hamu ya kula, na kama amewahi kutamani asiamke. Lakini Kiswahili cha Bukavu si cha Tanga. Usipoelewa neno, uliza, na usiwahi kumtumia mtoto wa mgonjwa kuwa mkalimani wa mambo ya kujiua.

Hatua ya 7: Mtihani wa ANCC

Omba mara chuo kinapothibitisha umemaliza. Ada ni dola 395, au 295 kwa mwanachama wa ANA, chama cha wauguzi wa Marekani; wanafunzi wengi hulipia uanachama wa mwezi na kubakiwa na chenji. Maswali ni 175, yanayohesabiwa ni 150, muda ni saa tatu na nusu. Alama ya kufaulu ni 350 kati ya 500. Ukianguka unasubiri siku 60, na huruhusiwi zaidi ya mara tatu ndani ya miezi 12. Ukifaulu unaandika PMHNP-BC baada ya jina, kwa miaka mitano.

Jipe wiki nane hadi kumi za kujisomea. Wanaoanguka huanguka zaidi kwenye usalama wa dawa na kwenye maswali ya "ufanye nini kwanza", kuliko kwenye majina ya magonjwa. Yashike haya hadi uyaseme usingizini:

- Lithiamu: damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kiwango cha kawaida ni 0.6 hadi 1.2 mEq/L. Ibuprofen, lisinopril na hydrochlorothiazide hupandisha. Angalia figo, TSH (kipimo cha tezi ya shingo) na kalsiamu. Mgonjwa mwenye kuhara na mkono unaotetemeka sana ana sumu ya lithiamu mpaka ithibitishwe vinginevyo.
- Lamotrigine: mg 25 kwa siku wiki mbili, mg 50 wiki mbili, ndipo mg 100. Akiwa kwenye valproate, anza na mg 25 siku moja ndani moja nje. Haraka huleta upele wa Stevens-Johnson. Akiwa ameacha dawa kwa siku tano au zaidi, mara nyingi unaanza upya kutoka chini.
- Klozapini: neutrofili hupimwa kila wiki kwa miezi sita, kila wiki mbili kwa miezi sita, kisha kila mwezi. Kiwango cha kuanzia ni 1,500 kwa mikrolita. Lakini watu wengi wenye asili ya Afrika wana neutrofili chache kwa maumbile tu, bila ugonjwa wowote, na kwao kiwango ni 1,000. Asiyelijua hili huwanyima watu weusi dawa iliyo bora kwa skizofrenia sugu. Mwaka 2025 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliondoa usajili wa lazima wa klozapini. Vitabu vya mazoezi vya zamani bado vinauuliza.
- Kuhamia kwenye MAOI kutoka SSRI (zote ni aina za dawa za sonona): subiri siku 14 baada ya SSRI nyingi, wiki tano baada ya fluoxetine.
- Sumu ya serotonini na ugonjwa wa NMS, athari hatari ya dawa za skizofrenia, hufanana kwa homa na kuchanganyikiwa. Misuli inayorukaruka, kuhara na mboni kubwa ni serotonini. Ugumu wa mwili kama bomba la chuma na CK (kimeng'enya cha misuli) iliyopanda ni NMS.

Kwenye maswali ya "kwanza", usalama hutangulia: kujiua, kuua, dalili kali za kuacha pombe ghafla, ugonjwa wa mwili unaojifanya wa akili. Bibi wa miaka 78 aliyeanza kuona watu juzi ana maambukizi ya mkojo au dawa mpya kabla ya kuwa na skizofrenia.

Hatua ya 8: Leseni, DEA na namba nyingine

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila fomu inauliza namba ya iliyotangulia:

1. Leseni ya APRN ya jimbo, na ruhusa ya kuandika dawa kama ni fomu tofauti.
2. NPI: namba ya utambulisho ya mtoa huduma, tarakimu kumi, bure, unaipata mtandaoni. Anayekutoza hela kwa NPI anakuibia.
3. Usajili wa jimbo wa dawa zinazodhibitiwa, kama upo. Massachusetts wanao.
4. DEA, usajili wa shirikisho wa kuandika dawa zinazodhibitiwa: dola 888 kwa miaka mitatu. Tangu 27 Juni 2023 lazima uthibitishe mafunzo ya saa nane kuhusu uraibu, mara moja tu. Kibali cha ziada cha buprenorphine kilifutwa. Mwenye DEA ya kundi la III anaweza kuiandika, kama jimbo linaruhusu.
5. Akaunti ya jimbo ya kufuatilia dawa zinazodhibitiwa. Iangalie kabla ya kuandika benzodiazepine ya kwanza.

Onyo kwa wenye leseni ya RN ya majimbo mengi: ile ni ya RN tu. Leseni ya APRN huombwa jimbo kwa jimbo. Kwenye tiba ya video, kinachohesabika ni mahali alipokaa mgonjwa, sebule yako haihusiki. Mgonjwa wako wa Minnesota akiwa likizo Georgia, huna leseni ya kumtibu pale.

Hatua ya 9: Mkataba na bima

Soma mkataba ukitafuta mambo manne: nani anakulipia bima ya makosa ya kitaalamu, kama ni ya aina inayolipa kwa tarehe ya tukio au ya tarehe ya madai (ikiwa ni ya madai, nani analipia mkia wake, yaani kinga ya madai yatakayokuja baada ya kuondoka), dakika ngapi kwa mgonjwa mpya (chini ya 45 ni hatari kwa anayeanza), na umbali wa kipengele cha kutoshindana, kile kinachokuzuia kufanya kazi karibu na hapo ukiondoka.

Kujiunga na kampuni za bima za wagonjwa huchukua siku 90 hadi 120. Kwenye malipo, msimbo wa tathmini ya kwanza yenye huduma ya kitabibu ni 90792. Ziara ya kufuatilia mara nyingi ni 99213 au 99214, na ukitoa tiba ya mazungumzo ya dakika 16 hadi 37 unaongeza 90833. Dakika hizo ziandikwe kando na zile za dawa, pamoja na aina ya tiba na lengo lake. Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, hulipa nurse practitioner asilimia 85 ya bei ya daktari.

Mambo yakikwama

*Chuo cha nyumbani hakitumi transkripti.* Tuma mtu aende mwenyewe na barua yako ya idhini, nakala ya pasipoti na fomu iliyochapwa. Aombe namba ya usafirishaji wa bahasha. Barua pepe peke yake zitakula mwaka.

*Tathmini inasema umepungukiwa na somo moja.* Usirudie digrii. Uliza bodi kwa maandishi kama somo hilo na saa zake zinaweza kufanywa kwenye chuo cha jamii, kisha peleka jibu hilo chuoni kabla ya kujiandikisha.

*Prisepta amejitoa wiki ya pili.* Mjulishe mratibu siku hiyohiyo kwa barua pepe. Saa zilizosainiwa ni zako, kwa hiyo dai saini kabla hajaondoka. Chuo kinaweza kukupa alama ya "haijakamilika" badala ya kukuangusha, lakini ukiomba mapema tu.

*Umeanguka mtihani mara mbili.* Acha kununua benki mpya ya maswali. Chukua ripoti ya maeneo uliyokuwa dhaifu, na andika kwa mkono sababu ya kila jibu ulilokosa. Ukiona sababu inayojirudia, kwa mfano unachagua dawa kabla ya kutathmini hatari, umepata ugonjwa wako.

*DEA imetoka na anwani ya kazi uliyokwisha kuiacha.* Badilisha mtandaoni kabla ya kuandika dawa yoyote inayodhibitiwa mahali papya. Ukihamia jimbo jingine unaomba mabadiliko baada ya kupata leseni ya jimbo hilo.

*Umeajiriwa, bima bado hazijakuidhinisha.* Usikubali huduma zako zilipishwe kwa jina la mwenzako ili "tusogeze siku". Ukaguzi ukija, leseni inayoguswa ni yako na yake. Omba kipindi hicho uwaone wagonjwa wa bima zilizokwisha kukukubali, au mshahara wa msingi usiotegemea idadi ya ziara.

*Unataka kurudi nyumbani na cheti hiki.* Hakikufanyi daktari Kenya wala Tanzania, na hakikupi ruhusa ya moja kwa moja ya kuandika dawa. Waandikie baraza la wauguzi la huko kabla ya kukata tiketi, na uwaombe wakujibu kwa barua yenye mhuri.